Kuvuta si Kubeba: Pikapu ya Chama na Tela Lake

(Mazungumzo kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi vya mpunga, Mchombe)



Msimu wa mavuno unapowadia katika Bonde la Kilombero, neno linalosumbua vichwa vya watu kuliko hata bei ni usafiri. Mpunga umekwisha kuvunwa mbugani, umepurwa na kupepetwa, umetiwa magunia, nao umekaa juu ya turubai ukingoja wa kuutoa. Baiskeli itabeba gunia moja kwa shida. Guta litabeba machache, mradi njia iwe kavu. Mkokoteni wa ng'ombe utafika, ila kwa mwendo wa ng'ombe. Trekta lenye tela hupatikana kwa yule aliyetangulia kulipa, na mwenye ekari mbili hungoja mpaka wenye ekari ishirini wamalize. Mvua ya kuchelewa ikianguka katika siku hizo za kungoja, mpunga huota ndani ya gunia, na jasho la miezi sita huenda bure.

Si ajabu, basi, kwamba katika mikutano mikuu ya vyama wanachama husimama na kusema: chama na kinunue gari lake chenyewe. Wazo hilo ni jema, na hakuna anayepaswa kulibeza. Lakini gari la chama hununuliwa kwa ushuru uliokatwa katika kila kilo ya mwanachama, na likivunjika katikati ya msimu, hasara humwangukia yule aliyekuwa mnyonge tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo, kabla ya mkono wowote kuinuliwa kupiga kura, hapana budi hesabu moja ifahamike vizuri. Ni hesabu ya pikapu na tela lake.

Muuzaji wa gari akisimama mbele ya bodi, aghalabu huwa na sentensi moja tu: "Gari hili huvuta tani tatu na nusu." Sentensi hiyo yaweza kuwa kweli tupu. Pikapu nyingi zenye nguvu zinazoonekana katika barabara ya Ifakara hadi Mlimba zimeandikiwa na kiwanda uwezo wa kuvuta kiasi hicho. Taabu ni kwamba kuvuta ni jambo moja na kubeba ni jambo jingine, na wanunuzi wengi huyachanganya.

Mvuvi wa Mto Kilombero anaufahamu vizuri mtumbwi wake. Anaweza kuuvuta mchangani peke yake. Hata hivyo, hawezi kuutwika kichwani na kwenda nao hatua kumi. Mtu ni yuleyule, mtumbwi ni uleule, na nguvu zake hazikubadilika. Kilichobadilika ni pale uzito ulipokaa. Gari nalo ndivyo lilivyo. Uwezo wa kuvuta hutoka katika injini, gia na klachi. Uwezo wa kubeba hutoka katika springi, ekseli ya nyuma, matairi na chesisi. Injini yaweza kuwa na nguvu ya kusogeza kile ambacho springi haziwezi kukistahimili.

Sasa yako matela ya namna mbalimbali, na kila namna huligawa mzigo kwa njia yake.

Tela la magurudumu manne, lile lenye ekseli ya mbele inayogeuka pamoja na mti wa kuvutia, hujibeba lenyewe karibu lote. Linalovuta hulivuta tu. Ubaya wake ni kwamba ni gumu kurudisha nyuma, na kwenye mteremko husukuma gari lililo mbele.

Tela la ekseli moja au mbili za katikati, linalofungwa nyuma kabisa ya gari penye bampa, huweka sehemu ya uzito wake juu ya gari. Kipimo kinachofaa ni kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela pamoja na mzigo wake. Wenye mikokoteni ya ng'ombe hawahitaji kufundishwa habari hii. Mkokoteni ukijazwa mbele kupita kiasi, nira huwalemea ng'ombe shingoni mpaka wakagoma. Ukijazwa nyuma, nira hunyanyuka na kamba huwakaba koo. Mchungaji mwenye ujuzi husogeza magunia mpaka nira ilale kwa uzito wa kadiri. Dereva wa tela afanye vivyo hivyo, isipokuwa gari halina sauti ya kulalamika kama ng'ombe, na kwa hiyo hulemewa kimya kimya hadi siku ya kukatika.

Namna ya tatu ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo huwavutia wajumbe kwa umbo lake. Ni tela ambalo shingo yake hupanda juu, hupita juu ya ubao wa nyuma wa pikapu, na kulala ndani ya bodi. Chini ya shingo hiyo pana kigingi kinene cha chuma, nacho huingia katika sahani iliyofungwa juu ya chesisi, karibu na ekseli ya nyuma. Huko Marekani, ambako pikapu hutumika sana kwa matela ya namna hii, kifaa hicho huitwa "gurudumu la tano". Jina hilo lina asili yake. Katika magari ya kukokotwa na farasi ilikuwako pete ya chuma iliyolazwa bapa juu ya ekseli ya mbele ili ekseli ipate kugeuka, na kwa kuwa pete hiyo ilifanana na gurudumu, watu waliihesabu kuwa la tano baada ya yale manne.

Ni kifaa kilekile cha malori makubwa yanayopita Mikumi kwenda na kutoka Zambia. Mwaka 1914, katika mji wa Detroit, mhunzi mmoja jina lake August Fruehauf aliombwa na mfanyabiashara wa mbao amtengenezee chombo cha kubebea mashua, kivutwe na gari dogo la Ford. Mashua ilifika ilikokuwa ikienda, na mteja yuleyule akarudi kuagiza matela mengine ya kubebea mbao. Fruehauf aliliita tela lake nusu-tela, na hapo ndipo penye siri yote: ni nusu tu, kwa sababu magurudumu yake yako nyuma peke yake, na mbele halina miguu ya kusimamia. Sehemu nzima ya mbele imekabidhiwa gari lingine liibebe.

Ni kiasi gani kinachokabidhiwa? Kwa tela la shingo linalovutwa na pikapu, huwa kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wote wa tela na mzigo. Kikiwa chini ya asilimia 15, tela hucheza mkia barabarani na kuliyumbisha gari. Kikizidi asilimia 25, pikapu huchuchumaa nyuma, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko, usukani huwa mwepesi, na breki za mbele, ambazo ndizo zenye kazi kubwa, hazishiki inavyopasa. Kipimo cha katikati, asilimia 20, ndicho kinachofaa kutumiwa katika hesabu, maana kushika asilimia 15 ni kujidanganya kwa makusudi.

Na kichukuliwe basi chama cha mfano, kisicho chama chochote kinachojulikana. Chama hicho kinataka kununua pikapu na tela la shingo lenye ekseli mbili. Kibao cha kiwanda kilicho mlangoni mwa pikapu kinasema kwamba uzito wa juu kabisa wa gari pamoja na kila kitu kilichomo ni kilo 3,300, na kwamba huvuta kilo 3,500. Gari linapelekwa kwenye mizani likiwa tupu, tangi la mafuta limejaa, pamoja na vyuma vya kinga vilivyoongezwa mbele na nyuma. Mizani inasoma kilo 2,250. Ukitoa, zinabaki kilo 1,050. Hizo ndizo kilo ambazo pikapu imejaliwa kubeba, wala hakuna fundi wa kuziongeza kwa kuweka springi nene. Springi nene huliinua gari likaonekana zuri machoni, ila ekseli, fani za magurudumu, breki na chesisi hubaki zilezile.

Kilo hizo 1,050 huanza kuliwa kabla gunia hata moja halijapakiwa. Dereva, utingo na karani wa chama, kwa kilo 70 kila mmoja, ni kilo 210. Jeki, mnyororo, tairi la akiba la pili, turubai, kamba, majembe ya kujinasulia matopeni na dumu la maji ni kilo 110. Sahani ya kufungia tela pamoja na vyuma vinavyoishikilia ni kilo 130. Jumla ni kilo 450. Zinazobaki kwa ajili ya kuibeba shingo ya tela ni kilo 600.

Hapa ndipo kalamu inapopaswa kwenda polepole. Ikiwa kilo 600 ni asilimia 20 ya tela, tela lote na mzigo wake haliwezi kuzidi kilo 3,000. Tela lenyewe likiwa tupu, limeundwa kwa chuma, lina kilo 1,100. Kwa hiyo mzigo ni kilo 1,900, yaani magunia 19 ya kilo 100. Muuzaji alisema tani tatu na nusu; kwa hesabu yake mzigo ungekuwa kilo 2,400, magunia 24. Hakusema uwongo. Alitaja tu kipimo kisichofika ukingoni kwanza. Kinachofika ukingoni kwanza ni mgongo wa pikapu, na uwezo wa kuvuta haujaguswa wote.

Ndugu wanachama, hesabu hiyohiyo ina jambo jingine ambalo watu wachache hulifikiri. Kwa kuwa kilo moja katika shingo hubeba habari ya kilo tano katika tela, kila kilo inayoongezwa ndani ya pikapu huondoa kilo tano katika tela. Mtu mmoja wa kilo 70 akidandia nyuma ya kiti cha dereva kuomba lifti mpaka Ifakara, amechukua nafasi ya kilo 350, yaani magunia matatu na nusu ya wanachama. Gunia moja likirushwa kwenye bodi pembeni mwa sahani, "kwa kuwa nafasi ipo", limechukua nafasi ya magunia matano. Nafasi ya macho na nafasi ya springi si kitu kimoja. Karani akibaki ofisini, tela laweza kupakia kilo 2,250 badala ya 1,900, na karani atafika kwa basi.

Yafaa pia ieleweke kwamba uzito wa shingo usihesabiwe mara mbili unapotafutwa uzito wa msafara mzima. Pikapu na vilivyomo, bila shingo, ni kilo 2,700. Tela na mzigo wake, shingo ikiwemo, ni kilo 3,000. Jumla ni kilo 5,700. Viwanda huandika pia ukomo wa jumla hiyo katika kitabu cha gari, na katibu autafute, kwa sababu waweza kuwa mdogo kuliko anavyodhani.

Hesabu zote hizo zinasimama juu ya neno moja: gunia la kilo 100. Hapo ndipo vyama vya bondeni vinapotelezeshwa na lumbesa. Debe la lita 20 lililojazwa mpunga mkavu huwa na uzito wa kilo 11 hadi 12. Gunia la debe saba ni kilo 80 hivi. Gunia la debe kumi, lililoshindiliwa na kushonewa kilemba, huwa kati ya kilo 110 na 120. Sheria ya Vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo huisimamia, ila kila mwaka lumbesa hurudi kama magugu. Madhara yake kwa bei ya mkulima yamezungumzwa mara nyingi. Madhara yake kwa gari hayazungumzwi sana. Magunia 24 ya kilo 120 ni kilo 2,880. Pamoja na tela ni kilo 3,980. Hapo hata uwezo wa kuvuta umepitwa kwa kilo 480, na shingo inakandamiza pikapu kwa kilo 796 badala ya 600. Dereva ataapa kwamba alipakia magunia yaleyale 24 aliyoambiwa na muuzaji, na ataapa kwa haki.

Unyevu nao ni mzigo. Mpunga wenye uzito wa kilo 100 ukiwa na unyevu wa asilimia 14, ambao ndio unaofaa kwa ghala, ulikuwa na kilo 107 na nusu siku uliyokuwa na unyevu wa asilimia 20. Anayesomba mpunga mbichi anasomba maji, na maji hayo hayalipiwi na mnunuzi yeyote. Kuanika kwanza na kusomba baadaye ni faida mara mbili.

Barabara nayo ina kauli yake. Kibao cha kiwanda kiliandikwa kwa kufikiri gari lililotunzwa, linalokwenda katika njia nzuri. Njia za kutoka mbugani kuja Mchombe hazikufikiriwa. Gurudumu linapotumbukia katika shimo, uzito uliotulia hugeuka kuwa pigo, na pigo hilo hulizidi mbali gunia lililosimama kwenye mizani. Tela la shingo huongeza pigo la aina yake: pikapu ikiwa imeshuka shimoni na tela likiwa bado juu ya tuta, shingo hutaka kupiga ukuta wa bodi. Kwa njia za namna hiyo, chama cha mfano kisichukue magunia 19. Kichukue 15. Tela litakuwa na kilo 2,600, shingo itakuwa na kilo 520, na zitabaki kilo 80 za akiba kwa ajili ya matope yatakayoganda chini ya gari. Hata hayo magunia 15 ni zaidi ya mara mbili ya saba ambayo pikapu ileile ingebeba katika bodi bila tela na bila sahani. Faida ipo, mradi isidaiwe kupita uwezo wake.

Wala isisahauliwe kwamba pikapu inayovuta tela matopeni si pikapu tena, ni jembe lililokwama. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, wakati mito inayoshuka kutoka Milima ya Udzungwa inapofurika mbugani, trekta lenye matairi makubwa ndilo la kuingia ndani, na pikapu ingoje penye njia ngumu. Chama kitakachonunua pikapu kwa matumaini ya kuachana na trekta kitajikuta kinalipia vyote viwili.

Sasa habari ya breki, na hapo hakuna mjadala. Viwanda vingi vya pikapu huandika namba mbili za kuvuta. Moja ni ya tela lenye breki zake, kama hizo kilo 3,500. Nyingine ni ya tela lisilo na breki, na mara nyingi huwa kilo 750 tu. Tela la chama cha mfano lina kilo 1,100 likiwa tupu. Maana yake ni kwamba, likiwa halina breki zake, haliruhusiwi kuvutwa hata likiwa halina gunia moja. Matela mengi yanayoundwa na mafundi wa kuchomelea ni imara kwa chuma na hayana breki hata moja. Mafundi hao wana mikono mizuri na wanastahili kupewa kazi. Ila mkataba wa kuwapa kazi useme wazi kwamba ekseli ziwe na breki, breki hizo zishike dereva anapokanyaga breki za pikapu, na uwepo mnyororo wa usalama au waya utakaozibana breki endapo tela litachomoka. Katibu asitie sahihi ya kupokea tela kabla ya kuliona likisimamishwa lenye mzigo.

Huenda mjumbe akasema kwamba sheria za uzito ni za malori makubwa, hazihusu chama kidogo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inahusu magari yenye uzito wa kuanzia kilo 3,500. Pikapu peke yake haifiki hapo. Msafara wa kilo 5,700 umepita. Yafaa pia kuitazama sheria hiyo kama mwalimu. Imeweka tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zilizo pamoja, tani 24 kwa ekseli tatu, na tani 56 kwa gari zima. Lori laweza kuwa chini ya tani 56 na bado likatozwa faini katika mizani ya Mikese, kwa sababu ekseli moja imezidi. Wahandisi wa barabara hawaulizi tu "ni kiasi gani?" Huuliza pia "kimekaa wapi?"

Bila shaka makatibu watauliza jinsi ya kupima shingo ya tela mahali ambapo mizani ya magari iko mbali. Mizani ya jukwaa inayotumika ghalani yatosha, hata kama mwisho wake ni kilo 500. Tela lisimamishwe penye sakafu ya usawa, magurudumu yake yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma. Litafutwe boriti nene lisilopinda. Ncha moja ya boriti ilazwe juu ya mizani, na ncha ya pili juu ya tofali au gogo lenye kimo sawa na mizani. Kigingi cha tela kishushwe taratibu kwa jeki mpaka kikae katikati kabisa ya boriti. Mizani itasoma nusu ya uzito wa shingo pamoja na nusu ya uzito wa boriti. Boriti likiwa na kilo 40, na mizani ikisoma 320, basi shingo ni kilo 600: toa 20 katika 320, zidisha 300 kwa mbili. Ikiwa hata nusu ni nyingi kwa mizani, kigingi kisogezwe kiwe theluthi moja ya urefu kutoka penye tofali, nayo mizani itasoma theluthi ya uzito wa shingo, ila nusu ya boriti iondolewe kama mwanzo. Mtu asiingie chini ya shingo wakati kazi hiyo inaendelea.

Uzito ukionekana umezidi, magunia mawili au matatu ya mbele yahamishwe nyuma ya ekseli na upimwe tena. Ukionekana mdogo, yarudishwe mbele. Baada ya siku mbili tatu za kupima, dereva atajua kwa kutazama nafasi kati ya tairi la nyuma na bodi, na ataweza kuipima kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kila safari. Nafasi hiyo iandikwe kwenye daftari la gari siku ile mizani ilipokubali.

Wakati mwingine hesabu yote ikikamilika huonyesha kwamba chama hakihitaji tela wala pikapu. Chama chenye wanachama wachache, walio karibu na stesheni ya Mngeta katika Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, chaweza kupata nafuu zaidi kwa kukodi trekta la kutoa mpunga mbugani na lori la safari ndefu, au behewa lipatikanapo. Lori la kukodi likivunjika ekseli, mwenye lori ndiye anayelala njiani. Bodi isione haya kuuambia mkutano kwamba imepiga hesabu na kuona kwamba kukodi ni bora kuliko kununua. Haya iwe kwa yule aliyenunua kwanza na kuhesabu baadaye.

Kwa chama kitakachoamua kununua, muhtasari wa mkutano mkuu uonyeshe namba zenyewe, usiishie kwenye maneno "gari zuri lenye nguvu". Uonyeshe uzito wa juu wa pikapu ulioandikwa na kiwanda. Uzito wake tupu kama ulivyosomwa na mizani, kwa tarehe. Uzito wa tela tupu. Uzito uliobaki kwa shingo. Na idadi ya magunia ambayo bodi imeyaruhusu. Ununuzi ukihitaji mkopo, utazamwe kwanza ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Tela lisajiliwe na kupata namba yake, kwa kuwa halifuniki chini ya kadi ya pikapu, na mkataba wa bima usomwe mpaka mwisho, hasa pale penye masharti ya gari lililozidishiwa mzigo. Leseni ya dereva nayo ikaguliwe kama inamruhusu kuendesha gari lenye tela.

Halafu apatikane mwandishi wa mabango, aandike ubavuni mwa tela, pande zote mbili, kwa rangi isiyofutika na kwa herufi ambazo hata mpakiaji aliye mbali ataziona: MWISHO MAGUNIA 15, KILO 100 KILA MOJA. HAPANA ABIRIA.